Gemu za Majengo, na ile moja niliyoiacha njiani

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuandika kuhusu aina za gemu, na kwa nini watu huipokea hii kwa mikono miwili na kuikataa ile, halafu nikanyamaza miezi mitatu. Haukuwa uvivu. Nilipata kazi ya mkataba, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuandika gemu. Leo natimiza ahadi, na nitawaeleza pia kwa nini kazi hiyo sikuimaliza.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa gemu. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta, na riziki yangu inatokana na programu za mauzo na hesabu za maduka. Nikijua chochote kuhusu gemu, nilikijua kabla ya chuo kikuu, katika banda la mjomba wangu hapa Majengo.

BANDA LA MJOMBA

Kwa msioijua Majengo: ni mtaa wa Pumwani, Nairobi, jirani na soko la Gikomba upande mmoja na Eastleigh upande wa pili. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makao ya Waafrika waliokuwa wakifanya kazi mjini. Nyumba nyingi za zamani ni zile za Kiswahili, vyumba vinatazamana na ujia mmoja unapita katikati. Mjomba alichukua chumba cha mbele, kinachotazama barabara, akaweka runinga tatu nene za zamani na PlayStation 2 tatu zilizokuwa zimefunguliwa na fundi ili zikubali diski za kunakili. Hiyo ilikuwa 2007. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kushika daftari.

Daftari ndilo lililonifundisha. Kanuni ya banda ilikuwa moja: mechi ni shilingi 10, anayefungwa analipa. Anayeshinda anabaki na padi, anayefuata kwenye benchi anaingia. Wazee wa mtaa wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda huitumia kanuni hiyo hiyo, kasoro tu kwao hakuna pesa. Jua likizama na adhana ya Magharibi ikasikika, mjomba alizima runinga zote, mechi iwe imefika wapi. Ramadhani alifungua baada ya tarawehe, na pesa nyingi za mwaka ziliingia mwezi huo.

Haya basi, tuzitazame aina moja moja, kama zilivyopokelewa katika chumba kile.

1. SOKA

Hapa sitawadanganya kwamba kulikuwa na mashindano. Runinga mbili kati ya tatu zilikuwa za soka saa zote. Kwanza ilikuwa PES ya Konami, kisha FIFA ya EA ikaingia taratibu. Vita kati ya wafuasi wa PES na wa FIFA vilikuwa vikali kuliko vya Gor na Ingwe.

Kwa nini soka? Watu husema ni kwa sababu tunapenda mpira. Ni kweli, lakini daftari lilinionyesha sababu nyingine tatu. Ya kwanza, hakuna aliyehitaji kufundishwa sheria. Mtoto aliyeingia mara ya kwanza alijua goli ni nini, kazi yake ilikuwa kujifunza vitufe tu. Ya pili, anayetazama ana la kusema. Watu kumi kwenye benchi walikuwa makocha kumi. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa kwa mjomba, mechi inaisha. Aliiweka kwenye dakika 5, ukiongeza marudio ya magoli na kuchagua timu inakuwa dakika 8 au 9. Hizo ni mechi 6 au 7 kwa saa, yaani shilingi 60 au 70 kwa kila runinga, na kila anayetazama ni mteja anayesubiri zamu.

Kwa hiyo nikisoma siku hizi makala yanayosema Waafrika wanapenda gemu za mpira, huwa natabasamu. Tunazipenda, ndiyo. Lakini pia ndizo zilizolingana na bei ya banda. Aina ya gemu haichaguliwi na mchezaji peke yake, inachaguliwa pia na anayelipa stima.

PlayStation 2 zenyewe ziliishi muda mrefu kwetu kuliko kwa wenye nazo. Sony ilitoa mashine hiyo Japani mwaka 2000 na ikaacha kuitengeneza mapema 2013, lakini soka mpya ya PS2 ilitolewa hadi mwisho wa 2013, FIFA 14 na PES 2014. Mjomba alizinunua zote mbili. Leo gemu hizo zote mbili zina majina mengine: PES iligeuka kuwa eFootball mwaka 2021, na baada ya FIFA 23 ile ya EA ikaitwa EA Sports FC. Vijana hapa bado wanasema "twende FIFA".

2. NGUMI

Runinga ya tatu ilikuwa na Tekken na mieleka. Pambano la Tekken huisha kwa dakika mbili au tatu, kwa hiyo bei ilikuwa shilingi 5. Gemu za ngumi zilipokelewa kwa namna ya ajabu: kila mtu alizipenda, na kila mtu alilalamika. Sababu ilikuwa Eddy Gordo, yule Mbrazili anayecheza capoeira. Mtoto asiyejua lolote angeweza kumchagua Eddy, akabonyeza vitufe ovyo kwa miguu yote miwili ya Eddy, na akamwangusha kijana aliyefanya mazoezi wiki nzima. Wakubwa walitaka Eddy apigwe marufuku. Mjomba alikataa. Alisema, "Huyo Eddy ndiye anayewaleta wapya. Mkitaka asiwashinde, jifunzeni kumzuia."

Baadaye nilielewa kwamba hilo ni somo zima la utengenezaji wa gemu: lazima pawe na mlango mpana wa kuingilia, na lazima pawe na dawa kwa anayekaa muda mrefu.

Wasichana hawakuingia bandani. Hawakukatazwa na mtu, lakini chumba chenye vijana ishirini wanaopiga kelele hakihitaji kibao cha kukataza. Dada yangu alicheza asubuhi kabla ya wateja kufika, na alinipiga mimi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwaka 2018, Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliposajiliwa na timu ya UYU ya Marekani kama mchezaji wa Tekken wa kulipwa, dada alinitumia habari hiyo bila neno lolote. Hakuhitaji kuongeza.

3. MAGARI

Mbio za magari zilipendwa kwa wiki moja kila zilipoletwa, halafu zikasahaulika. Skrini hugawanywa mara mbili, runinga yenyewe ndogo, na aliye kwenye benchi hajui atazame wapi. Kisha kwenye mbio anayetangulia kwenye kona ya pili mara nyingi ndiye anayeshinda, kwa hiyo kelele zinaisha mapema.

Nilikuja kuona aina hii ikipendwa kweli ilipofika kwenye simu na kuvaa nguo zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya hapa, Planet Rackus, ilitoa Ma3Racer, ambayo wewe ni dereva wa matatu. Hakukuwa na haja ya mtu kueleza kwa nini ni vigumu kuendesha matatu Nairobi. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana kama ule wa soka.

4. DUNIA WAZI

Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 na kwetu ilifika ikiwa imechelewa kidogo. Hii haikuwa na mechi, kwa hiyo ililipiwa kwa saa, shilingi 40, na asubuhi tu, kabla wateja wa soka hawajajaa. Hadithi yake ni ndefu na nzuri, lakini nadhani hakuna hata mmoja bandani aliyeifuata. Maagizo yalikuwa ya Kiingereza cha Los Angeles, na hata waliokijua Kiingereza cha shule hawakukielewa. Watoto walifanya nini basi? Walitembea. Walipanda baiskeli, wakaenda ufukweni, wakapanda mlima, wakaiba ndege. Walikuwa na madaftari ya vitufe vya siri yaliyonakiliwa kwa mkono na kupitishwa shuleni, ya kuleta kifaru au pesa.

Watengenezaji wake waliandika hadithi ya kisasi. Majengo iliipokea kama gemu ya matembezi. Sioni kosa hapo. Mtoto anayelala na ndugu wanne chumba kimoja, ukimpa mji mzima na baiskeli, atafanya nini kingine?

5. HADITHI

Hapa ndipo nilipokuwa mimi. Nilipenda gemu za mtu mmoja zenye mwanzo na mwisho, kama God of War ya 2005. Bandani aina hii ilihesabiwa kuwa hasara. Inachukua saa kumi au zaidi, haina mpinzani, na anayetazama huchoka. Zaidi ya hayo, banda zima lilikuwa na kadi moja ya kumbukumbu, ya megabaiti 8, na kila mtu aliyehifadhi kitu alifuta cha mwenzake bila kujua.

Niliwahi kufika mbali sana katika gemu moja, wiki tatu za asubuhi za likizo, na siku moja nikakuta kila kitu kimefutwa ili kupisha ligi ya mtu. Nililia, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona haya kwa kulia. Mjomba hakunicheka. Jioni alikwenda mjini, akarudi na kadi mpya, akaifunga uzi, akanivalisha shingoni. "Hii yako. Usimpe mtu."

Nilikaa usiku ule nikiitazama. Kipande cha plastiki kidogo kuliko kiberiti, na ndani yake kuna mahali nilipofika. Kiliwezaje kukumbuka? Nikiulizwa kwenye usaili wa kazi kwa nini nilisomea kompyuta, huwa nasema jambo la maana kuhusu kutatua matatizo ya jamii. Ukweli ni ile kadi.

Nilipokuwa chuoni ndipo nilipojua kwamba Wakenya walikuwa wanatengeneza za aina hii pia. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mwaka uleule wa banda la mjomba, na mwaka 2015 Black Division Games ya Andrew Kaggia ikatoa Nairobi X, ya kupiga risasi dhidi ya wavamizi kutoka angani katika mitaa ya Nairobi. Wenzangu darasani waliipokea Nairobi X kwa namna moja: walikimbia kutafuta majengo wanayoyajua.

6. MAFUMBO NA FOLENI

Aina hii haikuhitaji banda. Nyoka wa Nokia, aliyeandikwa na Taneli Armanto na kutoka kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, alikuwa kwenye simu ya kila nyumba miaka ya baadaye. Kulikuwa pia na zile gemu ndogo za mkononi za matofali yanayoanguka, wajukuu wa Tetris ya Alexey Pajitnov wa Moscow, ya 1984.

Mama ndiye aliyekuwa na alama nyingi zaidi za Nyoka nyumbani kwetu. Alicheza kwenye foleni ya hospitali ya Pumwani, alicheza akisubiri wali uive. Ukimwuliza kama anacheza gemu, anakwambia gemu ni za watoto. Nadhani hii ndiyo aina iliyopokelewa vizuri kuliko zote, kwa sababu wachezaji wake hawakujua kwamba wamepokea kitu.

7. RISASI ZA SIMU

Banda lilifungwa Machi 2020, korona ilipoingia, na halikufunguliwa tena. Mjomba aliziuza mashine. Chumba kile sasa kinauza viazi karai.

Lakini vijana walikuwa wameshahama. Free Fire ilitoka 2017, PUBG Mobile 2018, Call of Duty: Mobile 2019. Free Fire ndiyo iliyoshika mtaani kwetu, kwa sababu iliweza kukimbia kwenye simu za bei nafuu na mechi yake ya watu 50 haichukui muda mrefu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hodari. Tatizo lake halikuwa vidole, lilikuwa umbali. Unapobonyeza kitufe hapa Majengo, habari husafiri hadi kwenye seva iliyo nje ya nchi, kisha jibu linarudi. Aliye karibu na seva anakuona kabla wewe hujamwona. Mdogo wangu alikuwa anakufa nyuma ya ukuta, kwa risasi iliyopigwa kabla hajafika ukutani.

Kuna kitu kingine kilibadilika na sikukitilia maanani wakati ule. Benchi lilitoweka. Kila mtu yuko na simu yake kwenye kona yake, na anayemfunga hamjui.

8. NDEGE

Sasa nifike kwenye kazi yangu.

Mwaka jana kampuni moja ilinipa mkataba wa miezi mitatu. Waliita gemu. Nanyi mnaijua: chombo kinapaa, namba inapanda kutoka 1.00, 1.20, 1.75, 2.40, na kabla hakijaanguka unatakiwa kubonyeza kitufe uchukue pesa yako mara hiyo namba. Ukichelewa, imekwenda. Mtaani wanaziita za ndege, hata kama ni roketi.

Kwa programu, ni kazi rahisi sana. Sehemu inayoamua kila kitu niliiandika kwa mistari 11. Unachukua namba ya kubahatisha kati ya 0 na 1, halafu unagawa 0.97 kwa namba hiyo. Ikitoka 0.5, chombo kitaanguka kwenye 1.94. Ikitoka 0.1, kitaanguka kwenye 9.70. Ikizidi 0.97, kinaanguka hapohapo hata kabla ya kuruka. Yote haya huamuliwa kabla mzunguko haujaanza. Picha ya chombo kikipaa taratibu ni mapambo, matokeo yameshajulikana.

Ile 0.97 ndiyo ada ya nyumba. Tuseme unaweka shilingi 10 na siku zote unachukua kwenye 2. Katika mizunguko 100 utafaulu takriban mara 48 na nusu, na shilingi 1,000 zako zitarudi 970. Ukisubiri 10, utafaulu kama mara 9.7, zitarudi 970 zilezile. Hakuna namba ya kusubiri iliyo bora kuliko nyingine. Hakuna mbinu.

Asilimia 3 ni ndogo, sivyo? Nami nilijiambia hivyo. Mzunguko ni kama sekunde 20, mizunguko 180 kwa saa, kwa shilingi 10 ni 1,800 zilizopita mkononi, hasara ya wastani ni 54. Mjomba alikuwa anachukua 60 au 70. Nilijituliza kwa hesabu hiyo kwa wiki nne. Nilijiambia banda letu nalo lilikuwa ghali, na anayefungwa alilipa.

Wiki ya tano nilikwenda nyumbani Jumapili. Mdogo wangu alikuwa amekaa barazani na simu. Nilidhani ni Free Fire. Niliposogea nikaona namba inapanda. Haikuwa ile niliyokuwa naandika, lakini ilikuwa ndugu yake.

Nikamwuliza, "Hii inachezwaje?"

Akanieleza kwa subira, kama unavyomweleza mtu mzima asiyejua teknolojia. "Kaka, lazima uangalie historia yake. Imeanguka mara nne mfululizo chini ya 2. Sasa hii ya tano lazima ipande."

"Nani amesema lazima?"

"Ndiyo inavyofanya. Ukikaa nayo sana utaizoea."

Mimi nilikuwa na ile mistari 11 kichwani. Nilijua kwamba hakuna hata mstari mmoja unaotazama nyuma. Mzunguko wa tano haujui kulikuwa na wa nne. Yeye alikuwa anasoma historia ya kitu kisicho na kumbukumbu, na alikuwa anasoma kwa bidii ileile aliyokuwa nayo kwenye Free Fire, akili ileile. Tena ile historia iko juu ya skrini kwa sababu kuna mtu kama mimi aliambiwa aiweke pale. Yangu nilikuwa nimeiweka Alhamisi iliyotangulia.

Pesa zilikuwa shilingi 200 za tokeni za stima ambazo Mama alimtuma akanunue. Alitaka zifike 1,000 apate viatu Gikomba, kisha arudishe za tokeni. Alikuwa anaweka 20 na kuchukua kwenye 2. Nilikaa naye hadi zikaisha. Sikumkataza, na hadi leo sijui kama nilifanya vizuri.

Usiku nilikokotoa. Mwenye 200 anayeweka 20 na kuchukua kwenye 2, akitaka tu kuziongeza ziwe 400 kabla hazijaisha, atafaulu mara 35 kati ya 100. Akitaka zifike 1,000, atafaulu mara 4 kati ya 100. Ile asilimia 3 niliyoiita ndogo hukatwa kila mzunguko, na anayelenga mbali hupita mizunguko mingi. Kwa mjomba, aliyetaka kufika mbali alifika kwa kurudia. Hapa, kadiri unavyorudia ndivyo unavyopotea.

Jumatatu niliwaambia kwamba siendelei. Hawakuwa watu wabaya. Kiongozi wa timu aliniuliza kwa upole kama tatizo ni malipo. Nilisema hapana, ingawa malipo nayo yalikuwa tatizo, kwa sababu mkataba ulisema fungu kubwa hulipwa mwishoni, nami sikufika mwishoni. Nilipomweleza Mama aliniuliza, "Na kodi ya nyumba utalipa na nini?" Sikuwa na jibu. Nilikopa, nikarudi kwenye programu za maduka, na ndiyo maana hapa palikuwa kimya.

Wala msinione shujaa. Mistari 11 iliandikwa na mwingine kabla ya wiki kuisha, nina hakika. Mdogo wangu hakuacha kwa sababu ya hesabu zangu. Nilimwonyesha, akasema, "Sawa kaka, lakini wapo wanaoshinda." Ni kweli wapo, wanne kati ya mia.

Lakini kuna swali lililokuwa linanisumbua, nikampelekea mjomba. Nilimwuliza kama banda letu halikuwa kamari. Anayefungwa analipa, si ni ileile?

Alifikiri kidogo. Akasema, "Huenda ilikuwa. Sheikh mmoja aliniambia hivyo na sikumpinga. Lakini kwangu ukifungwa ulimjua aliyekufunga. Ungekaa kwenye benchi ukamtazama, kesho ungerudi umlipize. Hawa wa simu, utamlipiza nani?"

KWA WENZANGU WAANDISHI WA PROGRAMU

Mliniuliza ni aina gani ya gemu mtengeneze kwa ajili ya huku kwetu. Sina aina ya kuwapendekezea. Nina maswali matatu kutoka kwenye daftari la mjomba.

La kwanza: mzunguko mmoja unachukua muda gani, na nani analipia muda huo? Hadithi nzuri ya saa kumi ilikufa bandani kwa sababu ya bei, si kwa sababu haikupendwa.

La pili: anayetazama anafanya nini? Kama hana la kusema, umepoteza nusu ya wachezaji wako.

La tatu, ambalo nilijifunza mwaka jana: mchezaji akizima, anabaki na nini? Kwenye soka alibaki na mkono mwepesi zaidi. Kwenye San Andreas alibaki na mji. Mama alibaki na alama ambazo hakuna aliyezifikia. Mimi nilibaki na kadi shingoni. Kama jibu ni kwamba habaki na kitu, na umeiandika makusudi asibaki na kitu, basi hiyo nadhani si aina ya gemu, hata kama ina vitufe na rangi.

Jioni baada ya kazi naandika drafti ya simu moja, watu wawili uso kwa uso, bila intaneti, kwa kanuni za wazee wa hapa mtaani. Nimeshaipeleka kwao. Mmoja amesema kingi inatembea vibaya, mwingine amesema vifuniko havifanani na vya soda. Watu sita walikuwa wamesimama nyuma yao wakitoa ushauri. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao, akifungwa na mzee wa miaka sabini, na alikuwa anadai marudio.

Nikirekebisha kingi nitaiweka hapa muipakue. Nanyi niambieni: kwenu mlicheza aina gani, na mechi ilikuwa shilingi ngapi?

Kwa leo naishia hapo. Alamsiki.